Uvimbe unaokosa hewa: maswali kuhusu oksijeni, kinga ya mwili na saratani ya ubongo

Maswali haya ni yale ambayo ndugu huyauliza wakiwa na bahasha ya MRI (picha za ndani ya kichwa) mkononi, na mengine ni ya wauguzi na wanafunzi wanaotaka kujua kwa nini saratani hii inashinda dawa ambazo zimefanya kazi kwingine. Nimeyajibu kwa kutumia aina moja ya uvimbe, glioblastoma. Vitabu vingi huweka uhaba wa oksijeni kwenye sura moja na kinga ya mwili kwenye sura nyingine. Mimi nayaona kuwa kisa kimoja, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inaeleza kwa nini.

Glioblastoma ni nini hasa?

Ni saratani inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe, katika jamii ya seli za glia, zile zinazozishikilia na kuzihudumia seli za neva. Haikutoka kwenye titi wala kwenye pafu ikapanda kichwani. Kati ya saratani zinazoanzia ubongoni kwa watu wazima, hii ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi, na Shirika la Afya Duniani huiweka daraja la 4, la juu kabisa. Tangu uainishaji wa 2021 jina hili hupewa uvimbe ambao jeni yake ya IDH haijabadilika. Ule wa jamii hiyo wenye IDH iliyobadilika, uliowahi kuitwa glioblastoma, sasa huitwa astrositoma, na kwa kawaida huenda polepole zaidi. Kwa hiyo jirani akikwambia "hata mjomba wangu alikuwa na uvimbe wa ubongo na yuko hai mwaka wa kumi", huenda anasema kweli kabisa kuhusu ugonjwa mwingine.

Inaambukiza? Inarithiwa?

Haiambukizi hata kidogo. Mlisheni mgonjwa, mlaze kifuani, kunyweni naye chai. Kurithiwa ni nadra. Iko kwenye magonjwa machache ya kifamilia, na wagonjwa walio wengi hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua hivyo.

Mgonjwa anapumua vizuri, kile kipimo cha kidoleni kinasoma 98. Uvimbe unakosaje oksijeni?

Kipimo cha kidoleni kinakwambia damu imebeba oksijeni. Hakikwambii mzigo umeshushwa wapi.

Ubongo una kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Oksijeni ikishatoka kwenye mshipa mwembamba hupenya kwenye tishu umbali wa mikromita 100 hadi 200 hivi, yaani haifiki hata robo ya milimita, na njiani kila seli inachukua yake mpaka inakwisha. Ubongo wenye afya umejengwa kwa kufuata sharti hilo: karibu kila seli ina mshipa jirani.

Uvimbe haufuati ramani. Fikiria mtaa ulioota bila mpango: nyumba zinazidi kila mwezi, bomba la maji liko barabarani kulekule lilikolazwa zamani, na watu wanaunganisha mipira inayovuja vichochoroni. Ndivyo ilivyo mishipa ya glioblastoma. Ipo mingi, tena mingi mno, lakini imejipinda, mingine haina mwisho, na inavuja. Maji yaliyovuja yanaongeza shinikizo ndani ya fuvu lisilotanuka, shinikizo linaibana mishipa iliyobaki, na ndani ya mishipa iliyobanwa damu inaganda. Hapo mtaa mzima unabaki bila tone.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ndani ya ubongo wenye afya kiwango ni kama asilimia 5. Katika sehemu za ndani za glioblastoma kinashuka chini ya asilimia 1. Hali hiyo ya upungufu ndiyo wataalamu wanaiita haipoksia.

Nani aliyeligundua hili?

Mwaka 1955 Thomlinson na Gray, nchini Uingereza, walitazama kwa hadubini vipande vya saratani ya mapafu. Waliona seli hai zikipakana na tishu yenye mishipa, halafu ukienda ndani zaidi unakutana na tishu iliyokufa. Walipopima upana wa ule ukanda wa seli hai, wakaukuta unakaribiana na umbali ambao hesabu zilionyesha oksijeni inaweza kufika. Siku hizi kuna njia nyingine, kwa mfano kipimo cha PET, picha inayofuata dawa yenye mionzi kidogo mwilini, kinachotumia dawa ya fluoromisonidazoli, ambayo hunasa ndani ya seli zenye upungufu wa oksijeni. Lakini hicho bado ni kipimo cha utafiti zaidi kuliko cha kliniki, kwa hiyo msishangae daktari asipokiandika.

Seli inajuaje kwamba oksijeni imepungua?

Hili ni mojawapo ya majibu mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasoma katika biolojia, na lilizaa Tuzo ya Nobel ya 2019 kwa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza.

Kila seli hutengeneza protini iitwayo HIF-1 alfa bila kupumzika, na bila kupumzika huivunja. Inatia saini na kuchana, inatia saini na kuchana. Kinachofanya ichanwe ni oksijeni yenyewe: vimeng'enya maalumu huibandika HIF alama kwa kutumia oksijeni, protini nyingine iitwayo VHL huiona alama hiyo, na HIF hupelekwa kwenye mtambo wa kusaga protini. Oksijeni ikiadimika, alama haibandikwi, VHL haioni kitu, na HIF inalimbikizana. Kisha inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni kwa mpigo.

Jeni hizo ni za kuokoa maisha, na tunazihitaji. Wanariadha wanaopanda Iten, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, huongezewa seli nyekundu za damu kwa njia hiyohiyo: jamii ya HIF huamuru homoni ya erithropoietini izidishwe. Semenza alianzia utafiti wake huko, kwenye jeni ya homoni hiyo. Saratani haikubuni silaha mpya. Imekamata mtambo wa dharura ambao sote tunao, na kuuacha ukiwaka mchana na usiku.

Ndani ya uvimbe HIF huamuru mambo matatu makubwa. La kwanza ni kutoa protini ya VEGF inayoita mishipa mipya. La pili ni kuchoma sukari bila oksijeni, njia inayoacha laktati nyingi na kuyafanya mazingira kuwa na asidi. La tatu ni kuhama.

Basi kwa nini seli hizo zisife kwa kukosa hewa?

Nyingi hufa. Mtaalamu wa patholojia anapotafuta glioblastoma kwenye hadubini, moja ya alama anazozitazamia ni kisiwa cha tishu iliyokufa kilichozungukwa na seli zilizosimama kwa msongamano kama miti ya boma. Mwaka 2004 Daniel Brat na wenzake walionyesha kwamba boma hilo ni msafara: ni seli zenye haipoksia zinazokimbia kutoka kwenye eneo ambalo mara nyingi mshipa wake umeziba, huku zikitoa vimeng'enya vya kukata njia kwenye tishu.

Kwa hiyo uhaba wa oksijeni unaua katikati na kusukuma pembeni. Hii ndiyo sababu mojawapo ya jambo linaloumiza sana familia: daktari wa upasuaji anasema ameondoa kila kilichoonekana, na miezi kadhaa baadaye uvimbe unarudi sentimita moja au mbili kutoka pale ulipokuwa. Hakudanganya. Waliohama hawaonekani kwenye MRI.

Wapo pia wanaobaki. Sehemu zenye oksijeni kidogo hukaliwa na seli zenye tabia ya seli shina (seli mama zinazozaa nyingine), zinazogawanyika polepole na kwa hiyo haziguswi sana na dawa zinazolenga seli zinazogawanyika haraka. Katika seli hizo ndugu wa HIF-1, aitwaye HIF-2 alfa, anaonekana kuwa na kazi kubwa.

Na kinga ya mwili iko wapi wakati wote huu?

Iko palepale, tena kwa wingi. Jibu hili huwashtua watu.

Zamani ilifundishwa kwamba ubongo umejitenga na kinga. Wazo hilo lilipata nguvu 1948, Peter Medawar alipopandikiza ngozi ngeni kwenye ubongo wa sungura na kuona haikataliwi upesi kama inavyokataliwa kwingine mwilini. Lakini hata katika majaribio hayo, sungura ambaye kinga yake ilikuwa imeshaijua ngozi ile aliikataa. Mlango ulikuwepo. Na mwaka 2015 vikundi viwili, kimoja Marekani na kingine Finland, vilieleza mishipa ya limfu kwenye utando unaoufunika ubongo wa panya. Sasa hatusemi ubongo hauna kinga. Tunasema una kinga yenye masharti.

Mlinzi wake mkazi ni seli iitwayo maikroglia, aliyoieleza Pío del Río-Hortega huko Madrid mwaka 1919. Hizi huingia ubongoni mimba ikiwa changa na kukaa humo maisha yote. Uvimbe ukianza, huongezewa makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu, wanaotoka kwenye damu. Wawili hao kwa pamoja wanaweza kufikia theluthi moja hadi nusu ya seli zote katika glioblastoma. Soma tena hapo: katika uvimbe uliotolewa kichwani, karibu nusu ya seli zinaweza kuwa askari wa mgonjwa mwenyewe.

Askari wanaoua saratani hasa, seli T, ni wachache humo, na waliomo wamechoka. Wengine hawafiki kabisa. Utafiti wa 2018 kutoka Chuo Kikuu cha Duke ulionyesha kwamba seli T za wagonjwa wa glioblastoma hukwama ndani ya uboho wa mifupa, kwa sababu zimepoteza kipokezi kinachoziongoza kutoka.

"Ishara za kinga" maana yake nini?

Seli za kinga huzungumza kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. Moja inaita "njooni", nyingine "ongezekeni", nyingine "inatosha, tulieni". Hii ya mwisho ni ya lazima, maana bila hiyo kila kidonda kingetuua kwa kuvimba na homa. Kati ya zile za kutuliza, TGF-beta na IL-10 ndizo zinazotajwa sana katika glioblastoma. Miaka ya 1980 watafiti wa Zurich walikuta seli za glioblastoma zikitoa kitu kinachozima seli T. Kitu hicho kilikuja kutambuliwa kuwa TGF-beta 2. Yaani glioblastoma ni miongoni mwa saratani zilizotufundisha mapema kwamba uvimbe unaweza kuiamuru kinga inyamaze.

Haya mawili, oksijeni na kinga, yanakutana wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha ukurasa huu, naomba uvumilivu.

Anza na seli iliyokosa hewa. HIF yake imepanda, na pamoja na kuita mishipa inatoa ishara za kuita makrofaji. Makrofaji wanakuja, kama ambavyo wangeenda kwenye kidonda chochote. Wakifika wanaingia kwenye eneo lisilo na oksijeni, na wao pia wana HIF. Inapanda ndani yao. Pembeni kuna laktati iliyotemwa na seli za saratani, nayo inawabadilisha tabia. Askari aliyeletwa kukamata sasa anafanya kazi ya fundi wa kuponya jeraha: anatoa VEGF ya kujenga mishipa, anatoa IL-10 na TGF-beta za kutuliza, anatoa vimeng'enya vya kulainisha tishu ili seli zipite. Hakuhongwa. Anafanya kile ambacho angefanya kwenye kidonda kinachopona, kwa sababu dalili zote zinazomzunguka zinamwambia hapa pana kidonda.

Sasa ifikirie seli T inayojipenyeza humo. Inahitaji sukari, na saratani inaitumia ovyo. Inakutana na asidi. Inakutana na adenosini, kemikali inayozalishwa nje ya seli na vimeng'enya ambavyo haipoksia huviongeza, na adenosini huilegeza. Halafu inakutana na PD-L1, protini ambayo seli hubandika kwenye ngozi yake kuiambia seli T "usinishambulie". Mwaka 2014 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba HIF-1 alfa hushika moja kwa moja kwenye jeni ya PD-L1 na kuiwasha, katika seli za kinga zinazokaa ndani ya uvimbe. Hakuna haja ya mpatanishi kati ya uhaba wa hewa na kunyamaza kwa kinga. Ni waya uleule.

Waya huo unabeba umeme pande zote mbili. Mtambo mkuu wa ishara za uchochezi ndani ya seli unaitwa NF-kB, na mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba bila mtambo huo seli haitengenezi HIF-1 alfa ya kutosha hata oksijeni ikipungua. Makrofaji nao hutoa IL-6, saitokini nyingine, ambayo huwasha protini ya STAT3 ndani ya seli za saratani na kuzipa nguvu ya kuishi na kuhama. Uhaba wa hewa unaita kinga, kinga iliyogeuzwa inauimarisha mwitikio wa uhaba wa hewa, na mduara unajifunga.

Kazi mbili za karibuni zimenifanya nisione tena haipoksia kama tatizo la pembeni. Ya 2023, kutoka Mount Sinai jijini New York, ilionyesha kwamba maeneo yenye haipoksia katika glioblastoma huwavuta makrofaji na seli T na kuwafungia humo, kisha kuwabadilisha wawe wazimaji wa kinga. Ya 2024, ya Taasisi ya Weizmann huko Israeli, ilichora ramani ya seli zilivyokaa ndani ya uvimbe na kukuta kwamba penye haipoksia seli hujipanga kwa tabaka, na pasipo nayo zinachanganyikana bila mpangilio. Uvimbe tuliouona kuwa vurugu tupu una mpango wake, na anayeupanga ni uhaba wa oksijeni.

Kama shida ni oksijeni, kwa nini mgonjwa asipewe mtungi?

Kwa sababu damu yake tayari imejaa oksijeni. Kilichoharibika ni barabara za kuifikisha. Kumwongezea hewa puani mtu anayesoma 98 ni kama kuongeza maji kwenye tangi lililojaa wakati mabomba ya mtaani yamepasuka. Kutibu kwa oksijeni ya shinikizo kubwa kumejaribiwa pamoja na mionzi, na hakujawa tiba ya kawaida ya glioblastoma. Msiuze kiwanja kwa ajili ya hilo.

Tunaishi mwinuko mkubwa. Je, ndiyo sababu?

Hapana. Uhaba ninaoueleza hapa ni wa sehemu ndogo sana, unatengenezwa na uvimbe wenyewe, na uvimbe wa mtu wa Mombasa unakosa hewa vilevile kama wa mtu wa Nairobi au Mbeya.

Mionzi inaathiriwaje na upungufu huu?

Sana. Sehemu kubwa ya madhara ya mionzi kwa saratani hutokana na vipande vya kemikali vinavyokata DNA, na oksijeni ndiyo inayoyafanya majeraha hayo yasirekebishike. Seli isiyo na oksijeni kabisa huhitaji dozi kama mara mbili na nusu hadi tatu ili iathirike sawa na ile yenye oksijeni. Dawa kama misonidazoli, zilizobuniwa zishike nafasi ya oksijeni, zilijaribiwa kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo na hazikurefusha maisha. Hata hivyo mionzi inabaki kuwa nguzo ya matibabu. Kugawanya dozi siku nyingi kunasaidia: seli za nje zikifa, baadhi ya zile za ndani hufikiwa na oksijeni kabla ya dozi zinazofuata. Ndiyo maana kukosa siku za mionzi bila sababu kunawasumbua madaktari hivyo.

Kwa nini kuzuia mishipa mipya hakukuuangamiza uvimbe?

Wazo lilikuwa zuri. Judah Folkman wa Boston alilitoa 1971: uvimbe usiopata mishipa haukui. Dawa ya bevasizumabu huikamata VEGF, na Marekani iliiruhusu kwa glioblastoma iliyorudi mwaka 2009. Lakini majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2014, kwa wagonjwa wapya, yalionyesha kwamba ugonjwa ulichelewa kuonekana ukiendelea huku maisha yenyewe hayakurefuka.

Kwa anayeuelewa mduara ule, matokeo haya hayashangazi. Ukiifunga mishipa, unaweza kuongeza uhaba wa hewa. HIF inapanda tena, na katika wanyama wa maabara seli zimeonekana zikijitambaza kufuata mishipa ya kawaida ya ubongo. Pamoja na hayo siiiti dawa iliyoshindwa. Inapunguza kuvuja, hivyo inapunguza maji yanayojaa kandokando ya uvimbe, na kuna mgonjwa aliyerudi kushika kijiko kwa sababu yake. Ila MRI inayopendeza baada ya dawa hii isomwe kwa tahadhari, kwani kuvuja kukikoma, weupe kwenye picha hupungua hata kama seli bado zipo.

Zile dawa za kuamsha kinga zilizosifiwa kwenye saratani ya ngozi, vipi hapa?

James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel ya 2018 kwa kazi iliyozaa dawa hizo, ambazo huondoa breki kwenye seli T, kama ile ya PD-L1. Kwa glioblastoma iliyorudi, jaribio la wagonjwa 369 lililochapishwa 2020 lililinganisha nivolumabu, moja ya dawa hizo, na bevasizumabu. Wastani wa kati wa kuishi (nusu ya wagonjwa huuvuka, nusu hawaufikii) ulikuwa miezi 9.8 kwa waliopewa nivolumabu na miezi 10.0 kwa wale wengine. Hakuna tofauti.

Kuondoa breki hakusogezi gari lisilo na dereva. Seli T ni chache, zimekwama au zimedhoofishwa, na wazimaji wengine, kama TGF-beta, adenosini na laktati, hawaguswi na dawa hiyo. Kuna mwanga mdogo ninaouthamini: jaribio la wagonjwa 35 tu, la 2019, ambamo waliopewa pembrolizumabu, dawa nyingine ya jamii hiyo, kabla ya upasuaji waliishi wastani wa kati wa siku 417, na walioanza kuipewa baada ya upasuaji siku 228. Ni watu wachache mno kuamua jambo. Lakini wazo lake lina mantiki: kinga iamshwe uvimbe ukiwa bado upo wa kujifunzia.

Machi 2024 hospitali ya Boston iliripoti wagonjwa watatu waliowekewa ubongoni seli T zilizorekebishwa maabara. Uvimbe ulinywea ndani ya siku chache. Kwa wawili kati yao ulirudi.

Tumesikia deksamethasoni inazima kinga. Tuiache?

Msiiache wenyewe hata siku moja. Dawa hii hupunguza maji yanayoukandamiza ubongo, na bila hiyo mgonjwa anaweza kupoteza fahamu. Isitoshe, mwili uliozoea kuipata huacha kutengeneza homoni yake ya asili, kwa hiyo kuikatisha ghafla ni hatari kivyake. Ni kweli inapunguza nguvu za kinga, na ndiyo sababu madaktari hutafuta dozi ndogo kabisa inayotosha, wakiipunguza ngazi kwa ngazi.

Tumnyime sukari?

Saratani inapenda sukari; Otto Warburg aliliona hilo katika miaka ya 1920. Lakini ubongo wenye afya nao unaishi kwa sukari, na ini hutengeneza sukari hata mtu akifunga. Mgonjwa anayekonda kwa kunyimwa ugali na ndizi anaingia kwenye mionzi akiwa dhaifu. Anayetumia deksamethasoni apimwe sukari ya damu, maana dawa hiyo huipandisha. Zaidi ya hapo, ale.

Je, ujuzi huu wa oksijeni umewahi kuzaa dawa ya uvimbe wa ubongo?

Ndiyo, kwa uvimbe mwingine. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao von Hippel-Lindau, ambamo ile protini ya VHL haifanyi kazi. Oksijeni ipo, alama inabandikwa, lakini hakuna wa kuisoma, na seli inaishi kana kwamba imekabwa. Wagonjwa huota vimbe zenye mishipa mingi kwenye figo, ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu belzutifani, kidonge kinachoizuia HIF-2 alfa, kwa wagonjwa hao, zikiwemo vimbe zao za ubongoni. Katika ugonjwa huo kosa ni moja na liko wazi. Glioblastoma ina makosa mengi yaliyoshikana, na sitaki mtu asome aya hii akaenda kukitafuta kidonge hicho kwa ajili yake.

Matibabu ya sasa ni yapi?

Upasuaji, kisha mionzi ya wiki sita pamoja na vidonge vya temozolomidi, dawa ya kuua seli za saratani, kisha vidonge peke yake kwa mizunguko. Mpango huu ulithibitishwa 2005 na jaribio la wagonjwa 573: wastani wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6, na waliofikisha miaka miwili wakawa asilimia 26.5 badala ya 10.4. Kwa Tanzania upasuaji wa ubongo hufanyika MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu pale Muhimbili, na mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na Uganda kuna Taasisi ya Saratani pale Mulago.

Tumuulize daktari nini?

Ulizeni kama IDH imepimwa, maana jina la ugonjwa linategemea hilo. Ulizeni kuhusu MGMT: ni jeni ya kurekebisha DNA, na ikiwa imezimwa, temozolomidi hufanya kazi vizuri zaidi. Katika uchambuzi wa 2005, waliopewa mionzi na temozolomidi wakiwa na jeni iliyozimwa waliishi wastani wa kati wa miezi 21.7, na ambao haikuzimwa miezi 12.7. Ulizeni kiasi gani cha uvimbe kimebaki. Ulizeni dozi ya deksamethasoni itapunguzwa lini na kwa mpango gani. Na kama mgonjwa anatumia dawa ya mitishamba, itajeni bila kuona haya, kwa sababu damu na ini vinafuatiliwa wakati wote wa temozolomidi na daktari anahitaji kujua nini kingine kinapita humo.

Mwisho ulizeni kinyama kilichotolewa kimehifadhiwa wapi. Maabara hukizamisha ndani ya kipande kidogo cha nta ambacho hudumu miaka mingi. Mkihamia hospitali nyingine, au kipimo kisichokuwepo leo kikipatikana mwakani, kipande hicho ndicho kitakachoombwa, na ni rahisi zaidi kukipata kama mmeandika namba yake mapema.